Maji ya Kupoza Jeraha

Kila alfajiri, kabla jogoo hajawika mara ya pili, Barek huketi mbele ya jiko na kuanza kupiga mahindi. Hukaanga punje katika chungu. Zikiwa bado zinachoma, huzichota kwa vidole, huziweka juu ya jiwe pana na kuzipiga mara moja kwa jiwe la mkononi. Punje huwa bapa, nyembamba kama majani. Hicho ndicho chakula cha kijiji cha Lewomara, asubuhi na safarini. Vidole vya Barek vilikwisha kuzoea moto zamani.

Mumewe, Tuto, alikuwa mgema. Saa hiyo alizoea kuwa juu ya mivumo yake, ile miti mirefu jamii ya minazi, akikinga tembo. Lakini asubuhi moja ya wakati wa mavuno hakwenda. Alikaa mlangoni, akiusugua mkono wake wa kulia.

"Leo hupandi?" Barek aliuliza.

"Nitapandaje? Ukipiga hayo mawe yako, minazi yote inatikisika. Nitaanguka."

"Wewe hupandi minazi. Unapanda mivumo."

"Na mivumo nayo inakuogopa."

Barek alicheka. Tuto hakucheka. Aliendelea kuusugua mkono.

"Unawasha," alisema baadaye. "Ni kama siafu wanatembea ndani ya mfupa."

"Mahali gani?"

Tuto alimtazama mkewe, kisha akatazama nje, kana kwamba kuna mtu anayesikiliza. "Mkononi tu," akasema.

Barek hakuuliza zaidi. Alipajua mahali penyewe. Palikuwa chini ya kidole gumba, penye kovu la meno ya mbwa. Lakini jeraha hilo lilikuwa limepozwa, na katika kisiwa kile jeraha lililopozwa halitajwi.

Mbwa alikuwa wa Kopong, kaka yake Barek. Alikuwa mbwa mwekundu, mlinzi wa shamba la mahindi. Tumbili na nguruwe mwitu walimwogopa kuliko walivyomwogopa mwenye shamba. Mahindi yalipokuwa yanatoa mbelewele, mashua ya wachuuzi ilitia nanga pwani. Mbwa mgeni alishuka humo, akapigana na mbwa mwekundu, kisha akatokomea msituni. Hakuna aliyelitilia maanani jambo hilo. Mbwa hupigana.

Baada ya muda mbwa mwekundu alibadilika. Alibweka kwa sauti ya kukwaruza. Aliuma mti. Udenda ulimtoka. Siku moja Tuto alikwenda na binti yake, Nogo, kumsaidia shemeji yake kujenga ua wa shamba. Mbwa alimrukia Tuto, akamuuma mkono. Nogo alipokimbia, mbwa alimfuata na kumng'ata shavu la mguu. Kopong alimkamata mbwa kwa kamba, na kabla jua halijashuka alikuwa amemuua.

Jioni ile Kopong alikuja na dafu na tambuu. Alilikata dafu, akamimina maji yake ndani ya kifuu. Alimwaga kiasi cha kiganja juu ya jeraha la Tuto, na kiasi kingine juu ya mguu wa Nogo.

"Limepoa," alisema.

"Limepoa," wote wakaitikia.

Wakatafuna tambuu pamoja. Kifuu kikabaki kwa Tuto, kiwe ushahidi wa amani. Ndiyo desturi. Mbwa akimuuma mtu, mwenye mbwa huja kupoza. Baada ya hapo, anayelitaja jeraha anasema kwamba amani haikupokelewa. Husemwa pia kwamba joto la jeraha humrudia yule aliyelitaja. Na hapa mwenye mbwa hakuwa mtu wa kuvunjiwa heshima. Alikuwa kaka wa mke, mjomba wa mtoto. Katika kisiwa kile mjomba ndiye chemchemi ya uhai wa mtoto. Pembe ya ndovu aliyolipa Tuto kumwoa Barek ilikuwa ikining'inia darini kwa Kopong, na kila aliyeingia aliiona.

Basi Tuto alisema "mkononi tu", na Barek akanyamaza.

Siku iliyofuata Tuto alikuwa na homa. Hakulala. Mwanga ulimuumiza macho. Asubuhi alisema ana kiu, na Barek akamletea kikombe cha maji. Tuto alikipokea kwa mikono miwili. Maji yalipokaribia midomo yake, koo lake lilikaza ghafla. Mwili mzima ulishtuka. Kikombe kikaanguka.

"Nina kiu, Barek," alisema.

"Basi kunywa, mume wangu. Nitakushikia."

"Siwezi. Yaondoe. Nakuomba uyaondoe."

Mama yake Tuto, Bibi Kene, alisema ni pepo wa mivumo. Alimfunga mwanawe kitambaa kichwani na kuchoma ubani. Kopong aliondoka. Alipanda kilima, mahali pekee ambapo simu hushika mtandao, akampigia muuguzi wa kisiwa cha ng'ambo.

Muuguzi aliitwa Delfina. Wote walimwita Sista. Alifika mchana kwa mashua ya Mzee Laga. Hakukawia. Alimtazama Tuto, akamuuliza maswali machache, kisha akachukua kipande cha karatasi na kumpepea usoni polepole. Upepo ule mdogo ulitosha. Koo la Tuto likakaza, macho yakamtoka.

Sista alitoka nje. Wanandugu walikuwa wameketi uani.

"Aliumwa na mbwa?" aliuliza.

Bibi Kene alitazama mikono yake. Kopong alitazama chini.

"Nimeliona kovu," Sista alisema. "Sihitaji kuambiwa. Ninyi ni watu wangu, lakini leo sina neno jema. Huu ni kichaa cha mbwa. Mtu akishaanza kuogopa maji, hakuna dawa. Hapa hakuna, mjini hakuna, ng'ambo ya bahari hakuna. Nitampa kitu cha kumtuliza. Siwezi zaidi."

"Lakini jeraha lilifunga," Barek alisema kwa sauti ndogo.

"Ngozi hufunga. Ugonjwa haufungi. Unapita ndani ya mishipa ya fahamu kidogo kidogo, mpaka ufike kwenye ubongo. Huenda ukachukua wiki nyingi, miezi, hata zaidi. Wakati huo mtu anakula, anafanya kazi, anacheka. Wakati huo ndio wa kumwokoa. Chanjo ipo. Ninayo kituoni, katika jokofu." Akawatazama mmoja mmoja. "Nani mwingine aliumwa na mbwa huyo?"

Nogo alikuwa amejificha nyuma ya mlango, na kitambaa chake cha kufuma kilimfika kwenye vifundo vya miguu. Barek alihisi neno limefika kwenye meno. Alimwona kaka yake. Alimwona mama mkwe, macho yake makali kama sindano.

Neno halikutoka.

Mzee Laga aliita kutoka pwani. Mkondo wa mlango wa bahari ulikuwa ukigeuka, na ukigeuka hakuna mashua inayovuka. Sista alisimama. Alipompita Barek alimwambia kwa upole, "Mate yake yasiguse vidonda vyako. Ukimfuta mdomo, tumia kitambaa, kisha nawa kwa sabuni. Na kama kuna mwingine, asisubiri kuugua. Kuugua ndiko kuchelewa."

Tuto alikufa siku iliyofuata. Karibu na mwisho alitulia, akamwita Barek. Alitaka kusikia mawe yakipigwa. Barek hakuwa na punje motoni. Alipiga jiwe juu ya jiwe tupu, mpaka akaambiwa aache.

Walimzika karibu na mivumo yake. Vyombo vyake vya kugemea vilibaki juu ya miti, na tembo likafurika na kumwagika, kwa kuwa hakuna aliyepanda kuvishusha.

Baada ya mazishi Barek alikaa na kifuu cha Kopong mapajani. Alifikiri polepole, kama mtu anayetembea gizani. Kama Sista alisema kweli, ndani ya mguu wa Nogo kulikuwa na kitu kinachotembea. Hakuna aliyejua kimefika wapi. Huenda gotini. Huenda kiunoni. Na yeye, mama yake, alikuwa amekaa.

Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua. Nyumbani kwa Barek, kifo kilikuwa kimeumbua mara moja, na bado kulikuwa na maradhi yaliyofichwa.

"Mama," alimwambia Bibi Kene, "nampeleka Nogo ng'ambo."

"Kufanya nini?"

"Kuchomwa sindano."

"Ya nini? Mtoto ana homa? Hanywi maji?"

"Anakunywa. Ndiyo maana nampeleka."

Bibi Kene alitema tambuu. "Utarudisha maji ya mjomba wake. Unajua maana yake? Umemzika mume wiki hii. Sasa unataka kuuzika na undugu?"

"Kama undugu wenyewe utamzika Nogo, acha uzikwe, mama."

"Ulimi huo hukuwa nao mwanangu alipokuwa hai."

"Ningekuwa nao, labda angekuwa hai."

Bibi Kene alijifunika uso kwa kitambaa chake, na mabega yake yakaanza kutetemeka. Barek alitamani kumshika. Lakini alijua akimshika atakaa, na akikaa hatakwenda.

Alijifunga mgongoni kifurushi cha mahindi ya safari, akamchukua Nogo kwa mkono mmoja na kifuu kwa mkono mwingine, wakapita katikati ya kijiji. Watu walikiona kifuu, wakaelewa. Mwanamke mmoja alimfunika mwanawe macho.

Kopong alikuwa ameketi peke yake barazani. Barek aliweka kifuu mbele ya miguu yake.

"Kaka," alisema. "Nakurudishia maji yako. Jeraha la Nogo halijapoa. La Tuto halikupoa. Nimelitaja mimi, na joto lake linirudie mimi."

Alingoja hasira. Alijua maneno yatakayokuja. Utoke nyumbani kwangu. Chukueni pembe yenu. Hukuzaliwa hapa.

Kopong alikitazama kifuu kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wa kushoto na kuufungua. Katikati ya kiganja palikuwa na makovu madogo, mekundu bado.

"Nilipomkamata kwa kamba," alisema.

Barek aliketi chini.

"Kwa nini hukusema?"

"Ningemwambia nani? Mwenye mbwa hapozwi, Barek. Nani aje kwangu na dafu? Nije mimi mwenyewe kwangu, nipige hodi, nijikaribishe?" Alijaribu kutabasamu. "Nikajiambia, kama shemeji haugui, na mimi siugui. Halafu shemeji akaugua. Sista alipouliza, nilikuwa na neno hapa kooni. Nikamwona mama mkwe wako amekutazama. Nikasema, nikilitaja la kwangu, nitakuwa nimelitaja na la Tuto mbele ya mama yake."

"Na mimi nilinyamaza kwa ajili yako."

"Najua. Na mimi kwa ajili yako." Alisimama. "Twende kwa Mzee Laga. Mkondo bado mzuri."

Mzee Laga aliwatazama watu watatu na kifurushi cha mahindi yaliyopigwa, akawasha injini bila kuuliza. Alisema tu, "Mbwa wangu mimi hana meno, anajua kubweka tu. Laiti wote wangekuwa hivyo." Hakuna aliyecheka. Yeye mwenyewe hakutarajia wacheke.

Mlango ule wa bahari ni mwembamba, lakini maji yake huzunguka kama yanayochemka. Walipofika katikati, upepo ulipiga kutoka kusini. Matone ya bahari yaliruka na kumwangukia Kopong usoni.

Kopong alishtuka. Si kama mtu aliyelowa. Alishika koo lake kwa mikono miwili, na kifua chake kikapanda mara mbili, mara tatu, pasipo pumzi. Kisha akajifunika kichwa chote kwa kitambaa chake.

"Mjomba," Nogo aliuliza, "unaumwa?"

"Upepo tu, mwanangu."

Barek alikuwa amemwona mume wake akishtuka hivyo. Alimtazama kaka yake, naye Kopong, kupitia nafasi ndogo ya kitambaa, akamtazama. Alitikisa kichwa kidogo. *Si mbele ya mtoto.*

"Hamia huku, dada," alisema. "Nikinge upepo."

Barek alihama, akakaa mbele yake, mgongo wake ukiwa ukuta. Hivyo ndivyo walivyovuka. Alisikia pumzi ya kaka yake nyuma ya shingo yake njia nzima, na hakugeuka, kwa maana alijua akigeuka atalia, na mtoto alikuwa akimtazama.

Kituoni Sista Delfina aliwapokea bila lawama. Aliliangalia kovu la Nogo.

"Anakula? Analala? Maji anakunywa?"

"Yote," Barek alisema.

"Basi hatujachelewa. Wengi hudhani wiki zikipita chanjo haina maana. Si kweli. Maadamu dalili hazijaanza, chanjo ina maana. Leo atachomwa mbili. Wiki ijayo moja. Wiki mbili baada ya hiyo, ya mwisho. Asikose hata moja, hata bahari ikichafuka. Ni afadhali mkae hapa kwangu mpaka zitakapokwisha." Akaitazama mikono ya Barek, yenye malengelenge ya moto. "Ulimfuta mumeo mdomo kwa vidole hivi?"

"Siku ya kwanza."

"Wewe pia utachomwa."

Nogo alilia kidogo. Barek hakuhisi sindano. Kisha Sista akamgeukia Kopong. Aliliona kovu la kiganjani, akatazama kile kitambaa kichwani katika chumba chenye joto. Alimimina maji kikombeni na kukiweka mezani mbele yake.

Kopong aligeuza uso ukutani.

"Usinifiche, Sista," alisema. "Mimi ni mwenye mbwa."

"Sikufichi, Bwana Kopong."

"Mtoto amewahi?"

"Amewahi."

"Basi."

Walimlaza katika chumba cha ndani, pasipo upepo wala mwanga mkali. Sista alimpa dawa ya kumtuliza. Kulikuwa na saa alizokuwa na akili timamu, na katika saa hizo alitaka kujua. Aliuliza kama mtu anayenunua kitu kwa safari ya mwingine.

"Siku ile ile mbwa alipotuuma, ningefanya nini?"

"Ungeliosha jeraha," Sista alisema. "Mara moja. Kwa sabuni na maji yanayotiririka, mpaka robo saa ipite. Sabuni huua ugonjwa huo kabla haujaingia ndani. Usiweke majivu, wala tumbaku, wala pilipili. Usilifunge kwa nguvu. Halafu mashua, siku hiyo hiyo, chanjo. Na mbwa wachanjwe kila mwaka. Sisi huja kuchanja bure, lakini watu wenu huwaficha mbwa msituni."

"Mimi nilimficha wangu," Kopong alisema. "Niliogopa dawa itampunguzia ukali."

Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka.

"Maji nilikuwa nayo," alimwambia Barek. "Nilikuja na maji mkononi, dada. Kiganja kimoja. Ningemmwagia shemeji pipa zima. Desturi ilikuwa karibu kujua. Ilibakia kidogo tu." Kisha akasema, "Msiiache. Mtu aliyeumwa anahitaji mwenye mbwa aje. Lakini aje na sabuni. Na mashua aitafute yeye."

Hayo ndiyo aliyosema akiwa Kopong. Baada ya hapo hakuwa yeye tena, na hapana haja ya kusimulia.

Barek alibaki ng'ambo mpaka sindano ya mwisho ya Nogo. Hakumzika kaka yake. Mzee Laga ndiye aliyemrudisha, amefungwa katika kitambaa alichofuma mama yao.

Barek aliporudi kijijini, Bibi Kene alikuwa amesimama ufukweni. Alipiga magoti mchangani, akakunja kitambaa cha Nogo na kulitazama kovu la shavu la mguu. Alilitazama sana. Kisha akaligusa kwa kidole.

"Hili hapa," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Hapa ndipo mbwa alipomuuma mjukuu wangu."

Tangu mbwa wa kwanza kufika kisiwani, jeraha lililopozwa lilikuwa halijatajwa hadharani.

Sista alipokuja kuchanja mbwa, wengi waliletwa. Si wote. Watu wawili walikimbilia msituni na mbwa wao, na Bibi Kene akawafuata huko kwa fimbo yake, akiwaita kwa majina ya babu zao.

Mahindi ya msimu mwingine yalipokomaa, mtoto wa jirani aling'atwa kifundo cha mguu. Mwenye mbwa alikuja mbio. Mkono mmoja alishika dafu, mkono mwingine kipande cha sabuni, na mkewe alimfuata na ndoo. Waliosha mguu huo mpaka mtoto akachoka kulia na kuanza kuuliza kama atabaki na ngozi. Ndipo mwenye mbwa akapasua dafu, akamwaga maji yake.

"Limepoa," alisema.

Watu walimtazama Barek kabla ya kuitikia.

"Bado," Barek alisema. "Nendeni kwa Mzee Laga. Tutaitikia mkirudi."

Nao wakaenda.

Siku hizi alfajiri husikika mawe mawili nyumbani kwa Barek. Nogo amejifunza kupiga mahindi. Vidole vyake bado vinaungua, naye huvipuliza na kulalamika kama baba yake. Joto la jiko likimzidi, huinuka na kuchota maji mtungini kwa kata.

Hapo jiwe la Barek husimama hewani. Hutazama kata ikipanda. Hutazama midomo ikifunguka. Hutazama koo la mwanawe likimeza, mara moja, na tena, na tena, mpaka kata iwe tupu.

Ndipo jiwe hushuka.